Makumbusho yanapokea nini, yanakataa nini, na nani kaamua?

Watu wengi tukisikia makumbusho tunawaza kabati za vioo, taa za juu na vibao vya maelezo. Hiyo ni sehemu ndogo mno ya mali yenyewe. British Museum ya London ina vitu kama milioni 8, na vinavyooneshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000 tu, yaani asilimia 1, na Smithsonian ya Marekani inazidi milioni 150, kwa hiyo ukizunguka kumbi zake mpaka miguu iume bado hujaona kitu. Vingine vyote viko stoo. Na huko stoo ndo kwenye maswali magumu: hiki kitu kilifikaje hapa, ni cha nani, nani alikubali kipokelewe, kinaweza kuazimishwa, kinaweza kuuzwa, kikiungua nani anajibu, na mwenyewe akija kukidai kesho tunamwambiaje.

Majibu yanatakiwa yawe yameandikwa kabla maswali hayajaja. Hapo ndo inaingia sera ya mikusanyiko, yaani ya vitu vyote ambavyo makumbusho inavitunza, na hapo ndo watu wanachanganya mambo, hata walio ndani ya kazi yenyewe, maana kuna makaratasi matatu tofauti na yote utasikia yanaitwa "ile sera yetu".

Sera inasema kipi kinaruhusiwa, kipi hakiruhusiwi, na nani ana mamlaka ya kuamua. Inapitishwa na bodi, au na yeyote aliyekabidhiwa dhamana ya makumbusho kisheria, na haibadilikibadiliki. Mpango unasema tutafanya nini, lini, kwa pesa gani na kwa mikono ya nani, una muda wake, labda miaka mitatu labda mitano, halafu unaisha na unaandikwa mwingine. Taratibu ndo zile hatua za kila siku, fomu ipi inajazwa, kitu kinabebwaje, namba inaandikwa wapi. Ukiingiza taratibu ndani ya sera utajikuta unaitisha kikao cha bodi kwa ajili ya kubadilisha aina ya kalamu. Ukiingiza ndoto za mpango ndani ya sera, zile za "tutajenga stoo ya kisasa", baada ya miaka miwili una hati inayosoma kama ahadi za kampeni. Ila kibaya zaidi ni mambo ya sera kuachwa kichwani mwa mfanyakazi mmoja wa siku nyingi, yule ambaye kila kitu "muulize yeye", kwa sababu siku akistaafu sera nayo imestaafu.

Waingereza wana kiwango kinaitwa Spectrum, kilitoka mara ya kwanza 1994 na sasa hivi kinafuatwa hata nje ya kwao. Kina taratibu 21, na 9 kati ya hizo ndo za msingi: kupokea kitu, kukiingiza rasmi kwenye mkusanyiko, kujua kilipo na kinapohamia, orodha ya mali, katalogi, kutoka kwa kitu, kuazima, kuazimisha, na kupanga kazi ya kumbukumbu. Ukiiangalia vizuri hiyo orodha utaona haina maonesho. Haina wageni, haina tiketi. Zote 9 ni kujua una nini, kiko wapi, na kiliingia au kitatoka kwa idhini ya nani.

Boksi linapofika mlangoni

Tuseme mtu kaja na boksi. Ndani kuna picha za zamani, ngoma iliyopasuka, shajara mbili na nishani ya vita. Baba yake kafariki, familia imekaa ikaona bora hivi vitu viende makumbusho vikatunzwe. Aliyeko mapokezi siku hiyo ana moyo mzuri, anapokea, anashukuru, anaweka boksi chini ya meza "mpaka bosi arudi". Bosi anarudi, ana mambo mia. Miezi sita inapita, hakuna anayekumbuka kama ile ilikuwa zawadi, au mtu aliazimisha tu, au aliacha apate maoni ya mtaalamu halafu avifuate. Miaka kumi ikipita boksi limeingia kwenye lile kundi la vitu vilivyokutwa stoo bila karatasi, kundi ambalo makumbusho mengi tu yanalo na wachache wanapenda kulitaja mbele ya wageni.

Sera inayofanya kazi inakata hilo mapema. Hakuna mtu anayekubali zawadi mlangoni, nukta. Kinachotokea mlangoni ni fomu ya mapokezi: jina la aliyeleta, namna ya kumpata, kaleta kwa sababu gani, vitu gani na viko katika hali gani, na tarehe ambayo kama hatujakubali atakuja kuvichukua, anasaini naye anabaki na nakala. Boksi linakaa pembeni, tena kwa muda liwe limetengwa kabisa na vitu vingine kwa sababu ya wadudu, hilo nitalirudia. Halafu kamati inakaa.

Na kamati inauliza nini? Kwanza, hivi vitu vina uhusiano gani na dhamira ya makumbusho haya, siyo makumbusho kwa ujumla, haya. Makumbusho ya reli yakipewa vipepeo elfu mbili vilivyokaushwa vizuri sana, jibu bado ni hapana, na wanatakiwa wamwelekeze mtu panapofaa. Pili, tunavyo tayari? Nishani kama hii tunazo ngapi, na hii ina hadithi ambayo zile hazina? Tatu, aliyeleta ndo mwenye haki ya kutoa? Kama kuna warithi wanne na mmoja ndo kabeba boksi, wale watatu wanaweza kuja baadaye na watakuwa sahihi. Nne, hakimiliki, maana karatasi ya picha ni kitu kimoja na haki ya kuichapisha ni kitu kingine, unaweza ukamiliki picha mia moja na usiruhusiwe kuweka hata moja kwenye tovuti yako. Tano, na hili ndo linarukwa, tunaweza kuitunza? Ile ngoma imepasuka na ina ngozi, kuna mtu wa kuishughulikia, kuna rafu ya saizi hiyo, kuna hewa inayofaa?

Kwa maoni yangu hapa ndo ulipo moyo wa sera nzima, na ndo sababu kubwa ya kuiandika: inampa mfanyakazi wa chini uwezo wa kusema hapana kwa heshima. Kukubali kitu ni kukubali gharama isiyo na tarehe ya mwisho, nafasi, umeme, muda wa watu, bima, vifungashio, ukaguzi, mwaka hadi mwaka hata baada ya waliokipokea kuondoka wote duniani. Sasa anapokuja mtu mzito, rafiki wa mwenyekiti, na mkusanyiko wake wa sanamu anaotaka uwekwe ukumbi wa mbele, yule dada wa stoo peke yake hawezi kumkatalia. Karatasi iliyosainiwa na bodi inaweza.

Masharti ya zawadi ndo mtego mwingine. Isabella Stewart Gardner wa Boston, aliyeanzisha makumbusho yake ya sanaa, alifariki 1924 na wosia wake ulitaka kazi za sanaa zilizomo zibaki zilivyopangwa, na mpangilio ukibadilishwa mali yote iende Chuo Kikuu cha Harvard iuzwe. Ikawa sawa mpaka tarehe 18 Machi 1990, usiku, wezi wakaondoka na kazi 13, zikiwemo za wachoraji Vermeer na Rembrandt. Mpaka leo fremu tupu zinaning'inia palepale kwenye kuta. Halafu kuna Albert Barnes, mkusanyaji wa picha za sanaa, aliyeanzisha taasisi yake Merion, nje kidogo ya Philadelphia, 1922, akaweka masharti makali kuhusu picha kubaki zilipo. Alifariki 1951, pesa za taasisi zikaja kuyumba, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2012 mkusanyiko ukahamia katikati ya jiji kwenye jengo jipya ambalo ndani yake kuta zimepangwa kama zilivyokuwa kwake. Kuna watu mpaka sasa wanasema hilo lilikuwa jambo la lazima na kuna wanaosema mzee kasalitiwa. Ndo maana sera nyingi siku hizi zinasema wazi kwamba zawadi inapokelewa bila masharti, na ikilazimu kuwa na sharti basi bodi ndo inaamua, na kwa maandishi.

Halafu historia ya umiliki. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni umekuwa kama mstari, makumbusho mengi yanadai ushahidi kwamba kitu kilikuwa kimeshatoka nchi yake kabla ya mwaka huo, au kilitoka baadaye kwa kibali. Maadili ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, yaliyopitishwa 1986 na kurekebishwa 2004, nayo yanakataza kupokea kitu ambacho kuna sababu ya kuamini kilipatikana kwa njia isiyo halali. Na kama kuna pembe za ndovu au ngozi za wanyama walio hatarini, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaingia, hata kwa azima ya wiki mbili tu ya kuvuka mpaka. Muuzaji akikuambia "kimetoka kwenye mkusanyiko wa familia moja ya zamani Ulaya" bila jina wala karatasi, hiyo siyo historia ya umiliki.

Namba

Kitu kikikubalika, aliyetoa anasaini hati ya kukabidhi umiliki na kitu kinapewa namba. Mtindo unaotumika sana ni wa sehemu tatu, mfano 2024.15.3, yaani mwaka kilioingia, kundi la kumi na tano mwaka huo, kitu cha tatu kwenye kundi. Usiweke maana nyingine kwenye namba, usiweke jina la rafu wala aina ya kitu, kwa sababu rafu itahama na aina itakuja kubishaniwa na wataalamu wa kizazi kijacho.

Kuiandika nako ni kazi ya utulivu. Kwenye chungu au chuma unatafuta sehemu isiyoonekana kwenye maonesho, ila siyo pale kitakapokalia maana patasuguliwa, unapaka tabaka jembamba la Paraloid B-72, ambayo ni resini inayoyeyuka kwenye asetoni, unaacha ikauke kabisa, unaandika namba juu yake kwa wino wa kudumu, inakauka, unapaka tabaka lingine. Wino haujagusa kitu chenyewe, na siku mtu akitaka kuitoa, asetoni kidogo kwenye pamba inatosha. Nguo haipakwi kitu, unaandika namba kwenye utepe wa pamba na unaushona kwa mishono michache mikubwa. Picha na karatasi ni penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Na ngoma yetu ile ina mbao, ngozi na kamba, unachagua mbao.

Mbona namba tu maneno yote haya? Taasisi ya uhifadhi ya Kanada, CCI, ina orodha ya visababishi 10 vinavyoharibu mikusanyiko: nguvu za kimwili kama kudondoka na mitikisiko, wezi na waharibifu, moto, maji, wadudu na panya, uchafuzi wa hewa, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa, na cha kumi ni kitu kutengana na taarifa zake. Hicho cha kumi hakina moshi wala harufu. Kitu kiko salama, hakina hata mkwaruzo, ila lebo imedondoka, na kuanzia dakika hiyo ni mkuki tu, ni sufuria tu, hakuna anayejua ulitoka wapi wala alikuwa nao nani, na kama ukiibiwa huwezi hata kuthibitisha ulikuwa wako.

Agosti 2023 British Museum ilitangaza kwamba kuna vitu vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, baadaye ikasemwa ni kama 2,000, vingi vikiwa vito na vidani vidogo vidogo vya kale, na sehemu kubwa havikuwa vimesajiliwa kikamilifu. Tahadhari kutoka nje ilishaletwa tangu 2021. Mkurugenzi akajiuzulu. Oktoba mwaka huohuo makumbusho ikatangaza mpango wa kukamilisha kumbukumbu na kuuweka mkusanyiko wote kidijitali ndani ya miaka mitano, rekodi kama milioni 2.4 za kutengeneza upya au kuboresha. Tazama hiyo: taasisi iliyoanzishwa 1753, yenye jina kuliko zote, na shimo lilikuwa kwenye daftari. Pete ndogo isiyo na picha wala namba ikitoka mlangoni hakuna pengo linaloonekana popote.

Mpango ni kuchagua cha kuanza nacho

Sera inaweza kusema "tutatunza mikusanyiko yote kwa viwango vinavyofaa" na ikaishia hapo. Mpango hauna hiyo anasa, kwa sababu pesa haitoshi na haitakuja kutosha, kwa hiyo mpango mzuri ni ule unaosema tunaanza na hiki na hiki kinasubiri, na unasema kwa nini. Njia inayotumika na wengi ni kukadiria hatari: kila kitisho kinatokea mara ngapi, kikitokea kila kitu kilichoguswa kinapoteza thamani kiasi gani, na ni sehemu gani ya mkusanyiko itaguswa. ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa mali za utamaduni, pamoja na hao wa Kanada wametengeneza njia ya kupiga hayo mahesabu na uzuri wake ni kwamba inavunja hofu za mazoea. Unakuta watu wamehangaika miaka na wizi, makufuli matatu, kumbe bomba la maji linapita juu ya rafu za nguo na limeshavuja mara mbili.

Mwanga ni mfano wa kitu cha bei rahisi kinachopuuzwa. Nguo, picha za rangi ya maji, karatasi na manyoya vinawekewa kiasi cha laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), michoro ya mafuta inavumilia kama 200. Madhara yake yanajumlishwa na hayarudi nyuma, rangi iliyofifia imefifia. Kwa hiyo mpango unasema hii shuka inaoneshwa miezi kadhaa halafu inapumzika gizani miaka, na kama mkurugenzi anaitaka ukutani muda wote, kuna ukurasa wa kumwonesha.

Kwenye joto na unyevu mambo yamebadilika. Zamani kila mtu alikuwa anakariri nyuzi 20 na unyevu asilimia 50 bila kuteleza, mitambo inaunguruma usiku na mchana. Siku hizi kuna mwongozo wa kundi la Bizot, ambalo ni wakurugenzi wa makumbusho makubwa, unaokubali nyuzi 16 hadi 25 na unyevu asilimia 40 hadi 60 kwa vitu vingi, mradi usipande na kushuka ghafla. Hiyo imepunguza umeme kwa kiasi kikubwa na imeyapa nafuu makumbusho madogo ambayo yalikuwa yanakataliwa azima kwa sababu ya nyuzi mbili. Vitu vichache bado ni wakorofi, filamu za zamani za naitreti zinaweza kuwaka zenyewe na zinatakiwa baridi na chumba chake peke yake, na wanyama waliokaushwa zamani wengi walipakwa aseniki, kwa hiyo usiwaguse bila glavu hata kama wanaonekana wazuri.

Kuhusu wadudu, niliahidi. Nondo wa nguo hawali chuma, wanataka sufu, manyoya, ngozi, hariri, na wanapenda kona yenye giza na utulivu, yaani stoo yako hasa. Mpango wa wadudu hauanzi na dawa, unaanza na mitego ya gundi, vikaratasi vidogo vinavyowekwa kwenye kona na chini ya rafu, kila kimoja kina namba na kiko kwenye ramani ya chumba, na mtu anapita kila mwezi na lenzi anahesabu nani kanasa. Mtego namba 14 ukiwa na mmoja mwezi uliopita na sita mwezi huu, tatizo liko mita mbili kutoka hapo, siyo kwenye jengo zima. Kitu chenye wadudu kinafungwa kwenye plastiki bila hewa nyingi, kinaingia kwenye friza ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa wiki moja, au 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili na zaidi, halafu kinaachwa kimefungwa hivyohivyo mpaka kirudi joto la chumba ndo ufungue, vinginevyo umande unakaa juu ya kitu. Ndo maana lile boksi la mlangoni halikuingia moja kwa moja stoo. Unadhani zile shajara zilikuwa peke yake humo ndani?

Na moto. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro iliungua, mwaka uleule ilikuwa inatimiza miaka 200. Ilikuwa na vitu kama milioni 20. Uchunguzi ukaonesha moto ulianzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano, na zimamoto walipofika hidranti za karibu hazikuwa na maji ya kutosha. Kumbukumbu za lugha za wenyeji wa Brazil zikaenda, nyingine za lugha ambazo hazina msemaji aliye hai. Miongoni mwa vilivyopona ni kimondo cha Bendegó, tani zaidi ya tano za chuma, moto haukukifanya kitu, na pia mimea iliyokaushwa, mkusanyiko wa wanyama wenye uti wa mgongo na maktaba kuu, kwa sababu vilikuwa jengo lingine. Hilo la mwisho lina maana kubwa kimpango kuliko yote: uamuzi wa kugawa mkusanyiko kwenye majengo tofauti uliokoa vitu vingi kuliko vifaa vya kuzimia moto.

Louvre ya Paris wao wanamwogopa mto. Mwaka 2016 Seine ilipofurika walifunga milango wakahamisha vitu kutoka vyumba vya chini kwa haraka, na tayari walikuwa kwenye mpango wa kujenga kituo cha uhifadhi Liévin, kaskazini mwa Ufaransa, kilichofunguliwa 2019, kwa ajili ya kazi kama 250,000. Siyo kila mtu ana pesa ya Liévin. Ila mpango wa dharura wa kurasa nne unawezekana popote: nani ana funguo usiku, nani anapigiwa kwanza, valvu ya maji iko wapi, na orodha fupi ya vitu vya kuokolewa kwanza, vikiwa na picha na rafu, maana zimamoto hawasomi katalogi. Na nakala moja ikae nje ya jengo. Utashangaa mipango mingapi ya moto imefungiwa ndani ya ofisi ambayo ndo itaungua.

Kutoka

Kinachowashtua watu ni kusikia makumbusho yanaweza kuondoa kitu kwenye mkusanyiko. Yanaweza, na wakati mwingine yanapaswa. Nakala ya saba ya mashine ileile, kitu kilichooza, kitu cha bandia, kitu chenye sumu kisichotunzika, au kitu kinachofaa zaidi makumbusho nyingine. Sera inasema sababu zinazokubalika, nani anapendekeza, nani anaidhinisha (na wasiwe mtu mmoja), na kitu kinaenda wapi kwanza. Kawaida kwanza kinatolewa kwa makumbusho nyingine. Wafanyakazi, wajumbe wa bodi na ndugu zao hawaruhusiwi kukinunua, na hapo usiache mlango wazi hata kidogo. Rekodi yake haifutwi, inabaki na tarehe na sababu. Ila sheria za nchi ziko juu ya sera, British Museum kwa mfano inabanwa na sheria ya bunge ya 1963 ambayo inairuhusu kuachia vitu kwa sababu chache sana.

Ugomvi unaanza kwenye pesa. Msimamo wa miaka mingi ni kwamba pesa ya kitu kilichouzwa inarudi kwenye mkusanyiko, siyo kwenye mishahara wala paa. Wakati wa korona, Aprili 2020, chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Marekani, AAMD, kililegeza kwa miaka miwili, pesa ikaruhusiwa kulipia utunzaji wa moja kwa moja wa mkusanyiko. Oktoba mwaka huo makumbusho ya sanaa ya Baltimore ikapanga kuuza kazi tatu, moja ya msanii Warhol, kelele zikawa nyingi mpaka mauzo yakasitishwa dakika za mwisho. Mimi naona hoja ya pande zote mbili, ila ukweli ni kwamba mkusanyiko ukishahesabiwa kama akaunti ya benki, mtu wa kwanza kukosa pesa ya umeme ataangalia ukutani, na watoaji wa kesho wataliona hilo na watafunga mikono.

Kurudisha vitu kwa wenyewe ni jambo jingine na halitakiwi kuchanganywa na kuuza. Marekani ina sheria ya NAGPRA tangu 1990 kuhusu mabaki ya watu na vitu vitakatifu vya wenyeji wa kule, na kanuni zake mpya zilipoanza Januari 2024, zikidai ridhaa ya wenyewe kabla ya kuonesha, makumbusho ya historia ya asili ya New York ilifunga kumbi mbili nzima. Smithsonian ilipitisha sera ya kurudisha kwa maadili Aprili 2022, na Oktoba ikakabidhi Nigeria umiliki wa kazi 29 za shaba za ufalme wa zamani wa Benin. Makumbusho ya Horniman ya London mwaka huohuo ikakabidhi umiliki wa vitu 72. Sikiliza tofauti: kabla ya sera, kila dai lilikuwa la kipekee, la barua na kimya. Baada ya sera kuna mahali pa kupeleka dai, kuna anayelichunguza, na kuna anayeamua, hata kama jibu litakuja kuwa la kubishaniwa.

Azima sitakaa nayo sana. Mkataba wenye tarehe ya kurudi, ripoti ya hali ya kitu ikiwa na picha kabla ya kuondoka na baada ya kufika, bima inayoanzia kwenye msumari wa ukuta wako mpaka kinaporudi kwenye msumari uleule. Na hakuna azima ya kudumu. Ukiona kwenye daftari lako "azima ya kudumu" jua kuna kesi inakusubiri, anza kuwatafuta wenyewe sasa.

Stoo iliyoshindikana

Wapo wanaosoma haya wana vyumba viwili vilivyojaa mpaka mlango haufunguki, hakuna bajeti, hakuna mhifadhi. Hao siyo wachache. ICCROM na UNESCO walifanya uchunguzi 2011 na tangu hapo ICCROM wamekuwa wakisema kama asilimia 60 ya mikusanyiko iliyo stoo duniani iko hatarini. Ndo wakaja na njia inayoitwa RE-ORG, kwa makumbusho madogo yenye vitu mpaka kama 10,000, inayoangalia mambo manne tu: uongozi, jengo na nafasi, mkusanyiko wenyewe, na fanicha na vifaa vidogo. Cha kwanza wanachofanya ni kutoa vitu ambavyo siyo vya mkusanyiko kabisa, viti vibovu, mabango ya maonesho yaliyopita, maboksi ya vipeperushi. Kwenye stoo nyingi hiyo peke yake inafungua njia ya kupita.

Halafu jaribio ambalo halihitaji mtaalamu wala programu ya bei mbaya. Chukua namba kumi kutoka kwenye rejista bila kuchagua, nenda stoo uzitafute. Halafu geuza, chukua vitu kumi kutoka kwenye rafu, bila kuchagua tena, rudi uvitafute kwenye rejista. Kama ya kwanza imeshindikana, una tatizo la vitu kuhama bila kuandikwa, na dawa yake ni daftari la kuhamisha, kila anayesogeza kitu hata kwa saa moja anaandika. Kama ya pili imeshindikana, una vitu ambavyo havijawahi kuingia rasmi, na hiyo ni kazi ya miaka, inaenda kwenye mpango ikiwa na rafu ya kuanzia na jina la mtu. Zile ambazo hazikuonekana siku hiyo zinaandikwa hivyohivyo, hazijaonekana, na pembeni yake tarehe ya kurudi kuzitafuta.